Krismasi Tunajua Kuianza, Kuimaliza Ndio Noma

Wacha niseme ukweli: Wakenya tunajua kuanza Krismasi. Boney M wakisikika tu supamaketi, kila mtu anajua mambo imeiva. Nauli ya ushago inapanda, chapati zinasukumwa, mabinamu wanajaa sebuleni. Halafu ghafla, kimya. Njaanuari imefika, karo inadaiwa, watu wametawanyika bila hata kuagana vizuri. Mti wa Krismasi unakaa kwa kona mpaka karibu Pasaka na hakuna anayeuliza.

Sasa cheki Waswidi. Kwao Krismasi ina siku ya kufungwa: tarehe 13 Januari, siku ya Knut. Watoto wanashikana mikono na kuuzunguka mti wakiimba zile nyimbo za Desemba kwa mara ya mwisho. Kisha wanauvamia! Peremende zilizoning'inizwa zinaliwa, nyumba ya biskuti za tangawizi inapondwa vipande, mapambo yanashushwa, na mti unatolewa nje. Zamani wengine walikuwa wanaurusha kupitia dirishani. Jina lenyewe la sherehe maana yake ni kuupora mti.

Uingereza nako, kijiji cha Carhampton huko Somerset, watu wanaenda shambani tarehe 17 Januari kuuimbia mti wa matofaa ili uzae vizuri, na bunduki zinalia kufukuza pepo wabaya. Kwa nini tarehe 17? Kalenda ilibadilishwa mwaka wa 1752, siku 11 zikarukwa, lakini wao wakabaki na tarehe yao ya kale. Serikali ibadilishe kalenda, mti utajuaje?

Najua kuna mtu atasema hizo ni mila za wazungu. Sawa, na huo mti wa plastiki uko nao sebuleni ni mila ya nani?

Mimi kinachonigusa ni kwamba Waswidi wanafunga sherehe kwa kula kilichobaki. Sisi tumeamini sherehe ni pesa, kwa hivyo pesa ikiisha tunakimbiana. Mtu aliyenunua mbuzi Desemba, Januari hapokei simu. Anaona aibu. Anakaa kwa nyumba peke yake akidhani watu walikuwa wanampendea mfuko, na sisi tunamwacha aamini hivyo kwa sababu hatumtafuti.

Kwa hivyo, Jumamosi moja ya Januari, iteni watu. Chai ya rangi inatosha, na kila mtu aje na kile kimebaki kwake. Pigeni zile nyimbo mara ya mwisho, shosho aanzishe zake za zamani, watoto wagawane switi, mapambo yashushwe pamoja. Na yule amezima simu, msimpigie tena. Endeni mumgongee mlango, mje naye.