Hatua ni za Miguu, si za Saa

Mombo ni mahali ambapo barabara kuu iendayo Moshi na Arusha hukutana na barabara ipandayo milima ya Usambara. Kutoka hapo hadi Lushoto, kwa kupitia Soni, ni mwendo wa kilometa zipatazo 33, na katika umbali huo mfupi msafiri hupanda takribani mita 1,000, kutoka katika joto la nchi ya mkonge hadi katika baridi ya mlimani. Reli ya Tanga ilifika Mombo mwaka 1905. Lakini kabla ya reli, na kwa miaka mingi baada yake, mazao ya mlimani yalishuka kwa vichwa na mabega ya wakulima, nao wakulima hao walirudi makwao kwa miguu ile ile. Hakuna aliyewahesabia hatua zao, wala hakuna aliyewahimiza kufanya mazoezi. Kazi yenyewe ilikuwa zoezi.

Hali ya mtu wa mshahara leo ni nyingine. Karani au mwalimu wa mji kama Mombo huchukuliwa na pikipiki mlangoni pake, huteremshwa mbele ya ofisi au shule, hukaa kitini akiandika au akisahihisha madaftari, kisha hurudishwa nyumbani kwa chombo kile kile. Katika hali hiyo zimezuka saa za mkononi zinazohesabu hatua, zinazopima mapigo ya moyo, na zinazomwambia mvaaji kila jioni kama ametimiza wajibu wake au la. Wapo wanaoziona kuwa ni dawa mpya, na wapo wanaozicheka kuwa ni mapambo. Suala hili halifai kuachiwa wauza saa peke yao, kwa sababu linagusa uhai wa watu ambao taifa limewasomesha kwa gharama kubwa.

Kwanza kabisa, inafaa ieleweke kwamba madhara ya kukaa siyo hadithi. Mwaka 1953 daktari Jeremy Morris na wenzake walichapisha Uingereza matokeo ya uchunguzi juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva alikaa kutwa. Kondakta alipanda na kushuka ngazi akikata tikiti. Ilionekana kwamba makondakta waliugua ugonjwa wa moyo kwa kiasi kidogo kuliko madereva, na walipougua, kwa kawaida uliwafika wakiwa na umri mkubwa zaidi. Uchunguzi huo ulitazama vile vile watumishi wa posta, ukakuta kwamba wapeleka barua waliotembea walikuwa na nafuu kuliko makarani waliokaa. Kwa hiyo tangu zamani jambo hili limekuwa jambo la watumishi wa umma.

Ushahidi mwingine umepatikana hapa hapa Tanzania. Wahadza wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi, ambao bado walikuwa wakiwinda na kuchimba mizizi, walivishwa na watafiti vifaa vya kupima mapigo ya moyo. Taarifa iliyochapishwa mwaka 2017 ilionyesha kwamba kwa wastani walifanya kazi ya kutokwa jasho kwa dakika 135 kila siku, na shinikizo la juu la damu lilikuwa nadra miongoni mwao. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linamtaka mtu mzima afanye angalau dakika 150 za namna hiyo kwa wiki nzima. Yaani kile anachoombwa karani kwa siku saba, Mhadza alikaribia kukimaliza kwa siku moja. Kwa upande mwingine, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kwamba takribani mtu mmoja kati ya kila wanne wenye umri wa miaka 25 hadi 64 nchini alikuwa na shinikizo la juu la damu. Na shinikizo hilo halipigi hodi: mara nyingi mtu hulijua siku anapoanguka.

Je, saa ya mkononi yaweza kusaidia? Jibu la haki ni kwamba yaweza, kwa kiasi. Mwaka 2022 watafiti wa Australia walikusanya matokeo ya tafiti nyingi juu ya vifaa hivyo, wakakuta kwamba wanaovitumia huongeza kwa wastani hatua zipatazo 1,800 kwa siku. Hilo si jambo dogo. Mtu aliyedhani kwamba anatembea sana huonyeshwa kwamba hatembei, na aibu hiyo ya faragha humwondoa kitini. Lakini ushahidi una upande wa pili. Huko Marekani vijana 471 waliotaka kupunguza uzito walifuatiliwa kwa miaka 2, na matokeo yakatolewa mwaka 2016. Kundi lililopewa vifaa vya kuvaa lilipungua kilo 3.5 kwa wastani, na kundi lililoendelea kujifuatilia lenyewe bila vifaa hivyo lilipungua kilo 5.9. Kifaa, basi, ni kioo. Humwonyesha mtu uso wake, lakini hakimnawishi.

Hata ile hesabu ya hatua 10,000, ambayo wengi huitamka kana kwamba imeandikwa na madaktari, asili yake ni biashara. Mwaka 1965, baada ya Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni moja ya Japani iliuza kifaa cha kufungwa kiunoni ambacho jina lake lilikuwa na maana ya kipimo cha hatua elfu kumi. Jina lilikuwa tamu, likaenea duniani. Mwaka 2019 uchunguzi ulioongozwa na I-Min Lee wa Chuo Kikuu cha Harvard juu ya wanawake wazee 16,741 ulionyesha kwamba waliotembea hatua 4,400 kwa siku walikufa kwa kiasi kidogo kuliko waliotembea 2,700, na kwamba nafuu iliendelea kuongezeka hadi kama hatua 7,500, kisha ikasimama. Habari hiyo ni njema kwa mwalimu mwenye umri mkubwa anayekata tamaa kila jioni kwa kushindwa kufika 10,000. Haba na haba hujaza kibaba.

Inafaa pia ijulikane saa hiyo hufanya kazi vipi, ili isipewe heshima isiyostahili. Hatua huhesabiwa kwa mtikisiko wa mkono. Mapigo ya moyo husomwa kwa mwanga wa kijani unaopenya ngozini, kwa kuwa damu hunyonya mwanga huo kila inapopita. Mama anayeteremka kutoka Soni akishikilia tenga la karoti kichwani kwa mkono aliovaa saa anaweza kuhesabiwa hatua chache kuliko alizopiga, na uzito wa tenga lile saa haiujui kabisa. Mtu anayetikisa mkono kitini anaweza kuhesabiwa hatua ambazo hakupiga. Mwaka 2017 Chuo Kikuu cha Stanford kilipima saa 7 za namna mbalimbali: karibu zote zilisoma mapigo ya moyo vizuri, lakini hata ile iliyofanya vizuri zaidi ilikosea kwa wastani wa asilimia 27 katika kukisia nguvu ambayo mwili umetumia. Anayekula sahani ya pili ya wali kwa sababu saa imemruhusu anajidanganya. Hatari zaidi ni saa na pete zinazodai kupima sukari ya damu bila kutoboa ngozi. Februari 2024 mamlaka ya dawa na vyakula ya Marekani ilionya watu wasizitumie, kwa sababu mgonjwa wa kisukari anayefuata namba ya uongo anaweza kutumia dawa kwa kipimo kisicho chake na kupoteza maisha.

Lipo jambo jingine ambalo wakuu wa ofisi na shule wanapaswa kulitazama kwa makini. Singapore ilianza mwaka 2015 kampeni ya taifa ya kuhesabu hatua, na wananchi walioshiriki walipewa vifaa. Mfano huo unavutia, na huenda ofisi fulani ikataka kuuiga. Lakini mapigo ya moyo ya mtumishi si mali ya mwajiri wake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu habari za afya ya mtu kuwa ni taarifa nyeti. Siku mkuu wa kazi atakapodai kuona hatua za walio chini yake, na kuzitumia kupima bidii yao, saa itakuwa imeacha kuwa msaada na itakuwa imekuwa mnyapara. Aidha, watumishi wataifunga saa kwenye mkono wa mtoto anayecheza, na namba zitakuwa nzuri huku shinikizo la damu likibaki pale pale.

Taifa hili halikosi uzoefu wa kubadili mazoea bila vifaa vya bei kubwa. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadiliana, kisha wakatoka wakachimba vyoo. Nguvu ya kampeni ile ilikuwa kikundi: jirani alimwona jirani, na aliyeahidi mbele ya wenzake aliona haya kurudi nyuma. Na Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, aliagiza kwamba Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi. Agizo hilo lilikuwa jema, lakini mwili hautosheki kwa siku moja katika siku thelathini.

Kwa hiyo mwenye saa na aivae, na asiye nayo asijione amepungukiwa. Kilometa moja ya mtu mzima ni hatua zipatazo 1,300 au 1,400. Mwalimu anaweza kuwapa wanafunzi kazi ya kuzihesabu kutoka darasani hadi sokoni, wakajifunza hesabu na afya kwa pamoja. Anayekaa umbali wa nusu saa kutoka kazini na atembee asubuhi, kabla jua la Mombo halijawa kali, na nauli ya pikipiki aitie mfukoni. Watumishi wa ofisi moja wanaweza kuwa na daftari moja la matembezi, la hiari, linaloandikwa na kila mtu kwa mkono wake mwenyewe. Zaidi ya yote, kila aliyefika umri wa makamo hana budi kwenda katika kituo cha afya akapimwe shinikizo la damu na sukari kwa vipimo vya kweli, maana hilo ndilo jambo ambalo hatua hata 20,000 haziwezi kumwambia.

Mabonde ya Usambara yalikuwa na njia za miguu kabla ya kuwa na lami, na nyingi za njia hizo zipo bado. Zinamngoja kila anayeweza kushuka kwenye pikipiki.