Maduka ya Bagamoyo yasiachwe yaanguke

Maduka ya zamani ya mawe mjini Bagamoyo yanaendelea kubomoka. Katika mji huo Sewa Haji aliuzia misafara ya bara vitambaa, shanga na nyaya. Allidina Visram, aliyetoka India akiwa kijana mdogo mwaka 1863, alijifunza kazi kwake, kisha akafungua matawi hadi Mombasa, Kisumu na Kampala. Maduka yake yaliuza bidhaa na pia yakanunua mazao ya wenyeji.

Wafanyabiashara wanaovuka Namanga na Busia leo wamerithi njia hiyo. Serikali ikarabati majengo yaliyobaki na kuwakodisha wafanyabiashara wadogo kwa bei nafuu. Kuta zenye wapangaji hutunzwa. Zinazosubiri watalii pekee huanguka.