Mbio, Keki na Haki ya Njia

Kila Jumamosi alfajiri mimi na wenzangu hukimbia kutoka eneo la Aga Khan, tukavuka Daraja la Tanzanite lililofunguliwa mwaka 2022, hadi Coco Beach na viunga vya Oysterbay. Tamati yetu ni mkahawa unaouza keki. Wapo wanaotucheka: kipande kimoja huweza kurudisha nishati yote iliyotumika kwa kilomita tano. Hesabu yao ni sahihi, ila wamekosa shabaha. Keki hututoa kitandani, na mazungumzo ya mezani huturejesha wiki ifuatayo. Afya haijengwi kwa kujinyima pekee.

Linalonisumbua ni jingine. Mwanafunzi wangu anayeishi Mbagala aliniuliza: "Mwalimu, nami nikimbilie wapi?" Ukishaiacha Barabara ya Kilwa na kuingia mitaa ya ndani, wakimbiaji hugombea njia na bodaboda na bajaji, kisha hujipongeza kwa chai na vitumbua. Furaha ni ileile, usalama sio.

Shirika la Afya Duniani hupendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki kwa mtu mzima. Lakini kuhimiza mazoezi bila kujenga njia za waenda kwa miguu ni kumwalika mgeni na kumfungia mlango. Anayepanga bajeti ya barabara ndiye anayeamua nani akimbie kwa amani. Keki tutajinunulia wenyewe. Njia ni wajibu wa umma.