Plaketi za freni si kazi ya fundi peke yake

Kutoka Kolwezi mpaka Lubumbashi ni karibu kilomita 300. Njia hiyo moja inabeba lori za shaba na kobalti, lori za asidi, basi na magari madogo ya raia. Mwezi wa pili 2019, lori lililobeba asidi liligongana na magari mengine katika kijiji cha Kabwe, na watu wasiopungua 18 wakafa. Tunaikumbusha ajali hiyo si kwa kutafuta mkosaji. Inatuonyesha tu kwamba kwenye njia hii, anayechelewa kusimama hapati nafasi ya pili.

Wakati huu maisha ni magumu, na watu wengi wa Dilala na Manika wanabadilisha plaketi za freni wenyewe, nyumbani katika parseli, kwa kriki na funguo chache. Hatuwalaumu. Mwenye gari anayejua kutazama freni zake ni bora kuliko yule anayengoja mpaka chuma kisage chuma. Lakini kazi hiyo ina masharti, hasa kwa magurudumu ya nyuma.

Kwanza, taxi nyingi ndogo hazina diski nyuma, zina tamburi, na kazi yake ni nyingine. Kwa magari yenye diski, kosa kubwa liko kwenye pistoni. Nyuma ndiko freni ya mkono inakofanya kazi. Katika magari mengi pistoni hairudi kwa kusukumwa. Inarudi kwa kuzungushwa, kama skrubu. Anayeilazimisha kwa nguvu anavunja utaratibu wa ndani, na kesho yake freni ya mkono haishiki tena. Gari lenye freni ya mkono ya umeme lisiguswe bila mashine ya kuliamuru lifungue pistoni. Hilo lipelekwe garaji.

Mengine ni ya adabu ya kazi. Gari lisimame pahali tambarare, magurudumu ya mbele yazuiwe kwa mawe makubwa, ndipo freni ya mkono iachiliwe. Usiingie chini ya gari linaloshikwa na kriki peke yake. Etriye isining'inizwe kwa mpira wake wa mafuta. Plaketi zibadilishwe pande zote mbili. Ukibadilisha upande mmoja, gari linaweza kuvuta upande wakati wa kusimama. Vumbi la plaketi lisipulizwe kwa mdomo, maana linaua mapafu. Na kabla ya kuondoka, kanyaga pedali mara nyingi mpaka iwe ngumu. Asiyefanya hivyo anatoka kwenye parseli bila freni.

Hapa kwetu kuna adui mwingine: vumbi. Katika kiangazi, vumbi jekundu la barabara za migodi linaingia kwenye pini ambazo etriye inatelezea. Zikikwama, plaketi moja inaisha na mwenzake inabaki nene. Kwa hiyo pini zisafishwe na kupakwa grisi inayovumilia moto. Plaketi ikibaki milimita 3, wakati wake umefika. Usingoje sauti ya chuma.

Lakini bidii ya raia haitoshi ikiwa plaketi yenyewe ni ya uongo. Sokoni kuna piesi zenye maboksi yanayofanana na ya kampuni kubwa, na mnunuzi hana njia ya kupima kilicho ndani. Kukagua ubora wa bidhaa zinazoingia inchini ni kazi ya OCC. Tunaomba piesi za freni zikaguliwe kwa uzito ule ule wa chakula na dawa, kwa sababu nazo zinaua.

Kwa polisi wa barabara tunasema: freni zitazamwe kabla ya karatasi. Karatasi nzuri haisimamishi gari. Kwa kampuni za migodi na wenye lori: tani nyingi za mzigo zinataka freni zilizoandikwa tarehe ya kukaguliwa, si ahadi ya shofa. Na kwa kila mwenye gari: jifunze kutazama plaketi zako, fanya unachokiweza, na usipokiweza, mlipe fundi anayejua. Pesa hiyo ni kidogo kuliko bei ya jeneza moja.