Usimpake Mwami Rangi ya Kubahatisha

Bila shaka umekwisha kuona picha za kale za wafalme wa Rwanda zikiwa zimetiwa rangi kwa programu za kompyuta. Wapo wanaozichapa na kuzitundika ukutani. Nakuuliza: ni nani aliyekuthibitishia kwamba rangi hizo ni za kweli?

Msafara wa Adolf Friedrich wa Mecklenburg ulifika Nyanza mwaka 1907 na kumpiga picha Mwami Yuhi Musinga na watu wa baraza lake. Bamba nyingi za kioo za zama zile hazikuhisi vyema mwanga mwekundu. Ushanga mwekundu ulitoka karibu mweusi. Wa buluu ulipauka. Basi programu ikikutana na weusi huo, haijui ulikuwa nini. Hubahatisha, nawe hupokea bahati nasibu ukaiita historia.

Utanijibu kwamba kutia rangi ni sanaa ya kale. Kweli. Katika karne ya 19 mafundi wa Japani walizitia picha rangi kwa brashi, moja baada ya moja. Hata picha ya Mfalme Meiji, iliyopigwa na Uchida Kuichi mwaka 1873, ina nakala zilizopakwa kwa mkono. Lakini fundi yule aliishi miongoni mwa hariri na mavazi aliyoyapaka. Programu haikupata kuiona Nyanza.

Tena, Japani hiyohiyo inatuonya. Picha rasmi ya Meiji ya mwaka 1888, ambayo wanafunzi waliiinamia shuleni, ilikuwa picha ya mchoro wa Mwitaliano Edoardo Chiossone. Vijana waliinamia kazi ya kalamu wakidhani ni uso wenyewe. Picha ya mtawala ina nguvu hiyo: humfanya mtazamaji asiulize.

Wapo wasemao rangi huwavuta vijana kwenye historia yao. Sikatai. Ila anayevutwa kwa uongo hufika kwenye uongo. Sidai picha hizo zipigwe marufuku, nadai maneno matatu chini ya kila moja: «Rangi imetiwa baadaye.» Asiyeyaandika anakudanganya, hata kama hakukusudia.

Nawe, kabla ya kusambaza picha, uliza: nani aliipiga, lini, na nani aliipaka? Ukikosa jibu, iache katika weusi na weupe wake. Huo angalau haujifanyi kujua.