Anayeanza na Piramidi Ameshashindwa

Leo sizungumzii PHP wala hifadhidata. Leo nina ugomvi. Jumamosi iliyopita vijana ninaocheza nao Freeciv hapa Lurambi walinibandika jina la mhuni, eti kwa sababu niliwamaliza kabla hawajamaliza Piramidi zao. Nimelibeba jina hilo wiki nzima na sasa nataka kulijibu.

Kwa wasioujua, Freeciv ni mchezo wa kujenga ustaarabu, na unachezwa kwa zamu kama bao. Ulianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi watatu wa Chuo Kikuu cha Aarhus, Denmark, kwa kuiga mchezo wa Civilization wa Sid Meier uliotoka 1991. Ni programu huria: hulipi hata senti, na unaenda vizuri kwenye tarakilishi kuukuu kama hii yangu. Unaanza na walowezi wachache, mvumbuzi wa kukuchungulia njia, na ramani nyeusi tii.

Sasa wenzangu hufanya nini? Wanaweka mji mmoja, labda miwili, kisha wanaanza kujenga maajabu. Zamu baada ya zamu mji mzima unasomba mawe. Ukiwauliza wanasema wanajenga msingi. Msingi wa nini, jamani? Nguvu inayoingia kwenye Piramidi ingetoa makundi sita ya walowezi, au hata zaidi. Mimi kazi yangu mwanzoni ni moja tu: mji ukifika watu wawili, mmoja anafunga virago na kwenda kufungua mji mwingine, miraba miwili mitatu mbele. Mlinzi mmoja kila mji, basi. Hekalu litakuja, soko litakuja.

Tupige hesabu, maana wengine hamwamini mpaka muone namba. Katika Freeciv mraba ambao mji umekaa juu yake unazalisha wenyewe, hauhitaji mtu. Kwa hiyo mji wa mtu mmoja unavuna miraba miwili. Mji wa watu wanane unavuna miraba 9, na kwa kanuni za kawaida hauvuki wanane mpaka ujenge mfereji wa maji. Miji minane ya mtu mmoja mmoja inavuna miraba 16. Watu ni wale wale wanane! Tena mji mdogo unajaza ghala lake haraka, kwa hiyo unazaa haraka. Hapo sijataja kwamba adui akiuteka mji wangu mmoja nabaki na saba. Akiuteka mji wako wenye Piramidi, unabaki na nini?

Wanasema huo si ustaarabu, kwamba ramani yangu inaonekana kama mtu mwenye ndui. Kweli kabisa, wachezaji wa Freeciv waliupa mtindo huu jina la ndui zamani sana. Lakini kanuni zenyewe zinautoza kodi: kadiri miji inavyoongezeka ndivyo wananchi wanaonuna wanavyoongezeka, na nisipowatuliza wanaanza fujo na kazi inasimama. Nami nailipa kodi hiyo. Na kama bado mnaona uchungu, mwenye seva anaweza kuweka umbali mkubwa zaidi kati ya mji na mji. Wekeni. Msilie.

Kinachoniudhi hasa ni hoja yao ya mwisho, kwamba ardhi ipo tu, wataifuata baadaye. Mtu wa Kakamega ndiye anayesema hivyo? Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuahidi kwamba ardhi za hifadhi za Waafrika ni zao milele, na kwamba kipande kikichukuliwa, kingine cha ukubwa ule ule kitatolewa badala yake. Mwaka 1931 dhahabu ikaonekana hapa hapa Kakamega. Kufika Desemba 1932 sheria ilikuwa imeshabadilishwa: mchimba dhahabu apewe nafasi, mwenye shamba apewe pesa badala ya ardhi. Milele yenyewe ilidumu miaka miwili! Mgodi wa Rosterman uliacha jina lake kwenye mtaa ambao baadhi yenu mnapita kila siku mkienda kazini, halafu jioni mnakaa mbele ya skrini mkiamini kwamba bonde lisilo na mji wenu litawasubiri.

Hapo mmoja akanirushia kombora: "Basi wewe ndiye setla." Ndiyo. Ndani ya mchezo mimi ni setla, na hata neno walilotumia kwa Kiingereza ni hilo hilo. Sijifichi. Wewe mwenye Piramidi pia umeanza na walowezi, ila unatembea polepole.

Kama kuna kitu cha kulalamikia, ni vijiji. Mvumbuzi wako akiingia kijiji alichokikuta kwenye ramani, anapewa dhahabu, au elimu, au askari wa kukodi, mara nyingine anavamiwa. Halafu kijiji kinatoweka. Hakuna zamu hata moja inayouliza waliokuwamo wamekwenda wapi. Nimecheza miaka mingi kabla ya kuligundua hilo, na nilipoligundua sikucheka.

Uzuri wa programu huria ni kwamba huishii kununa. Kanuni ya vijiji imeandikwa kwa Lua, kwenye faili la maandishi ambalo unalifungua kwa kihariri chochote. Nimefuta zawadi zote: sasa ukikiingilia kijiji, wenyeji wanatoka na silaha. Nimejaribu peke yangu usiku mbili, na nakiri kwamba ndui yangu imepungua kasi. Mara ya kwanza nilipoteza mji wa tatu ukiwa na umri wa zamu nne.

Jumamosi saa nane mchana tutacheza kwa faili hilo jipya, poti 5556, sote kwenye waya mmoja. Njooni na Piramidi zenu, na mje na betri zilizojaa, maana stima ya huku mnaijua.