Ufundi wa umeme si kimbilio la walioshindwa



Ijumaa iliyopita, baada ya swala, mzee mmoja wa mtaani kwetu alitushika mkono akatuvuta kando ya baraza ya msikiti. Alikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Binti yake aliyemaliza darasa la saba amepangiwa shule ya sekondari ya ufundi, ya bweni, na mtoto mwenyewe amekwisha kusema kuwa atasoma umeme na elektroniki. Mzee hakuwa na furaha. "Ustadhi," alituambia, "mtoto kafaulu vizuri, leo aambiwe akapande nguzo?" Alitutaka tukazungumze na binti ili aachane na jambo hilo.

Tulimwomba atupe muda. Jibu letu tunaliandika hapa, kwa kuwa twajua hayuko peke yake.

Tuanze na hilo la kufaulu. Shule za Serikali za ufundi, kama vile Ifunda, Moshi, Tanga, Mtwara, Iyunga na Bwiru, hupangiwa wanafunzi waliopata alama za juu katika mtihani wa darasa la saba. Anayepelekwa huko amechaguliwa, hakutupwa. Husoma hisabati, fizikia, kemia na lugha kama wenzake wa shule nyingine, kisha huongezewa uchoraji wa kihandisi na masomo ya fani yake, pamoja na saa za karakana.

Katika karakana hiyo ya umeme mtoto hujifunza kusoma mchoro kabla ya kushika koleo. Hujifunza kupima kwa multimita, kutambua thamani ya rezista kwa rangi za mistari yake, kulehemu bila kuunguza transista, na kukokotoa unene wa waya kulingana na mzigo utakaobebwa. Birika la umeme la wati 2,000, kwa umeme wetu wa volti 230, huvuta karibu ampea 9. Mwenye kuijua hesabu hii hawezi kuchomeka birika, pasi na jiko katika waya mmoja mwembamba kisha akashangaa ukuta unapofuka moshi.

Hapa yatupasa tuseme jambo ambalo hatujapata kuliandika katika safu hii.

Miaka mingi iliyopita, mpwa wetu, mtoto wa dada yetu, alipangiwa shule ya namna hiyo hiyo. Baba yake alikuwa amekwisha kufariki, na kauli ilikuwa yetu sisi wajomba. Tulikataa. Tulisema maneno yale yale ya mzee wa Ijumaa, tukampeleka shule nyingine tuliyoiona ina heshima zaidi. Lakini mapenzi ya kijana kwa umeme hayakufa. Alipomaliza kidato cha nne alijifunza mitaani, kwa kumtazama fundi ambaye naye alijifunza kwa kutazama. Akawa fundi mwenye mikono myepesi, na watu wakampenda.

Siku moja aliweka pampu ya maji katika nyumba ya jirani. Pampu ilifanya kazi vizuri kwa miezi kadhaa. Kisha waya mmoja ukachubuka ndani, ukagusa chuma cha pampu. Mtoto wa nyumba ile, miguu ikiwa imelowa, akaishika. Alirushwa chini akazimia. Mwenyezi Mungu alimhifadhi, akapona. Lakini usiku ule mpwa wetu alikuja kwetu akilia, akituuliza: "Mjomba, fyuzi niliweka. Kwa nini haikukatika?"

Hatukuwa na jibu. Mwanafunzi wa shule ya ufundi angelikuwa nalo. Mwili uliolowa waweza kuwa na ukinzani wa omu 1,000 hivi. Gawanya volti 230 kwa 1,000, utapata ampea 0.23. Moyo waweza kuvurugika kwa chini ya nusu ya kiasi hicho, ilhali fyuzi ya ampea 13 haitambui hata kuwa kuna jambo. Fyuzi hulinda waya, haimlindi mtu. Mtu hulindwa na waya wa ardhi, unaoupa umeme njia nyepesi zaidi kuliko mwili, na ile swichi inayokata mara umeme unapovuja. Mpwa wetu hakuweka waya wa ardhi kwa sababu pampu ilizunguka bila huo. Hakuwa mzembe. Hakufundishwa, na waliomnyima mafunzo ni sisi.

Wako wanaouliza, baada ya shule hiyo, wapi? Njia iko wazi. Mwenye ufaulu mzuri wa hisabati na sayansi katika kidato cha nne aweza kujiunga na Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam au Chuo cha Ufundi Arusha, akasoma stashahada kwa miaka mitatu na kutoka fundi sanifu. Akitaka, aendelee hadi shahada awe mhandisi. Akipenda kujitegemea, aombe leseni ya kufunga umeme EWURA. Na kazi zipo: bwawa la Julius Nyerere huko Rufiji lina mitambo tisa ya jumla ya megawati 2,115, na treni ya Dar es Salaam hadi Dodoma sasa yaenda kwa umeme. Vyote vyahitaji watu wa kuvitunza.

Wala dini haiko mbali na jambo hili. Imamu Ghazali, katika Ihyaa yake, alizihesabu tiba, hesabu, kilimo, ufumaji na hata kuumika kuwa faradhi za kutoshelezana: wasipopatikana wa kuzifanya, mji mzima una dhambi. Wazee wetu wa pwani nao walilielewa. Mwishoni mwa miaka ya 1940, kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, Mabohora na wengineo, ilianzishwa Mombasa taasisi ya elimu ya Kiislamu iliyojulikana kama MIOME, ili vijana wa Kiislamu wapate ufundi. Leo ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa.

Kuhusu binti, khofu ya mzazi tunaielewa. Aende shuleni mapema aonane na mlezi wa bweni, aulize mahali pa kuswalia, ajue mtoto atarudi likizo na nani. Stara haizuii karakana: mtandio uingizwe ndani ya koti, mikono ya nguo ibane, kwani kinachoning'inia hunaswa na mashine, iwe nguo ya mwanamke au ya mwanamume. Na zipo nyumba nyingi ambamo mama yuko peke yake mchana. Fundi mwanamke huko ni rehema.

Mzee wetu, Jumapili baada ya Alasiri tutafika kwako, inshaallah. Hatuji kuzungumza na binti, tunakuja kuzungumza nawe. Mpwa wetu tutakuja naye, akueleze mwenyewe. Na koti la karakana la mtoto tumekwisha kulinunua.

Wabillahi tawfiiq.